Dakika Tatu za Jamhuri Tukufu

Sefania Lukindo hakuwa na pasipoti. Hakuwa na koti la baridi, wala begi la magurudumu, wala viatu ambavyo havijawahi kukanyaga tope. Hakuwa na shahada. Hakuwa na mjomba wizarani, wala shemeji ikulu, wala rafiki aliyewahi kusoma na dereva wa mkubwa yeyote. Mke alikuwa naye zamani, akafariki. Subira ya kukaa kitako zaidi ya robo saa hakujaliwa. Na juu ya hayo yote hakuwa na cheo, jambo ambalo katika Jamhuri Tukufu ni baya kuliko kukosa figo, kwa sababu asiye na figo hutajwa walau hospitalini, lakini asiye na cheo hatajwi popote.

Alichokuwa nacho ni saa ya mkononi, mwandiko mzuri, na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima. Kila siku saa tatu asubuhi alisoma kipimamvua cha tarafa ya Mwegero, kisha akateremka hadi Mto Lungiza kusoma nguzo ya kina, akaandika tarakimu mbili daftarini. Kila mwisho wa mwezi alinakili kurasa zake na kuzipeleka wizarani. Alifanya hivyo miaka ishirini na sita bila kukosa. Wizara nayo ilizipokea kwa heshima na kuziweka chini ya meza ya katibu muhtasi, ambayo mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Nisieleweke vibaya: meza ile ilikaa imara kuliko zote katika jengo.

Kurasa hizo zilieleza habari moja tu. Zamani mvua ya Mwegero ilikuja kidogo kidogo, kama mkwe anayejua adabu. Sasa ilikawia miezi, halafu ikaja yote kwa pamoja, na mto ukatanuka na kula ardhi. Mwaka Sefania alipoanza kazi, kutoka ukingo wa mto hadi ukuta wa wodi ya wazazi ya zahanati palikuwa na hatua mia moja na kumi. Mwaka ninaousimulia zilibaki tisa. Miaka ya karibuni kila masika mto ulichukua hatua tano au sita, na mwaka wa mafuriko ulichukua kumi na moja.

Mkunga wa wodi ile alikuwa Nesi Apolonia, mama wa maneno machache.

"Mwanamke akisukuma," alimwambia Sefania siku moja, "mle ndani tunasikia na udongo ukidondoka mtoni. Jana mmoja ameniuliza, nesi, nani anazaa mwingine huko nje?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia sukuma, mama, hayo ya nje si yako."

Hii ndiyo hali aliyokuwa nayo Sefania Lukindo siku gari la serikali lilipokuja kumchukua.

*

Sababu ya kuchukuliwa ilikuwa ya kiungwana kabisa. Kila mwaka Jamhuri Tukufu ilihudhuria Mkutano Mkuu wa Dunia wa Hali ya Hewa, na kila mwaka ujumbe wake ulizidi kuwa mkubwa, kwa sababu tatizo nalo lilizidi kuwa kubwa na serikali haikutaka kuonekana inalidharau. Mwaka huo wajumbe walikuwa mia tatu na kumi na mmoja. Lakini waandaaji wa mkutano, watu wenye vijineno, waliandika kwamba kila nchi ilete walau mtu mmoja ambaye ameyaona mabadiliko hayo kwa macho yake.

Wizara ya Hewa ilitafuta miongoni mwa wajumbe wake. Watatu walikuwa wameona ukame kwenye televisheni. Mmoja aliwahi kunyeshewa, gari lake lilipoharibika. Hofu ikatanda, hadi mfagizi alipoinua ile meza ya katibu muhtasi ili apige deki, na jina likasomeka chini ya mguu.

Aliyempokea Sefania mjini ni Mkuu wa Itifaki, Bwana Hilali Kondogo. Kwa msomaji asiyejua, itifaki ni elimu ya kujua nani atajwe kwanza. Bwana Kondogo alikuwa mwembamba, msafi, na alihifadhi vyeo vya watu kichwani kama wengine wanavyohifadhi mashairi. Kwa miaka kumi na tisa hotuba zote za Jamhuri Tukufu zilianza na salamu alizozitunga yeye.

"Bwana Lukindo," alisema, kalamu mkononi, "huwezi kupanda ndege ya serikali bila cheo. Umeathirika kiasi gani?"

"Mimi sijaathirika, bwana. Mto ndio unaokula zahanati."

"Jibu hivyo hivyo ukiulizwa, ila uwe na huzuni." Akaandika. "Kuanzia leo wewe ni Mheshimiwa Mwathirika wa Taifa."

"Na kazi yake ni nini?"

"Kutajwa."

Asubuhi ya safari Nesi Apolonia alimpigia simu. "Mzee Lukindo, nasikia huko kuna maduka makubwa. Usituletee zawadi. Tuletee mawe."

*

Mkutano ulifanyika katika mji wa baridi ambako hewa ilichujwa kwanza ndipo watu wakaruhusiwa kuivuta. Sefania, kwa kuwa hakuweza kukaa, alizunguka. Siku ya kwanza tu alikuwa amepima ukumbi kwa hatua zake, urefu na upana, na kuhesabu milango. Siku ya pili alikuwa amezijua kanuni.

Kanuni zilikuwa fupi. Kila nchi ilipewa dakika tatu jukwaani. Taa ya kijani ikiwaka, sema. Ya njano, maliza. Ya nyekundu, kipaza sauti kinajizima chenyewe, hata kama aliyesimama ni mfalme. Makarani waliketi chini ya jukwaa na daftari kubwa lililoitwa Daftari la Maeneo, wakiandika jina la kila mahali palipotamkwa. Mahali palipoandikwa humo palipelekewa wahandisi na mawe. Mahali ambapo hapakutamkwa ukumbini hapakuandikwa, na ambapo hapakuandikwa hapakuwapo.

Sefania alimwomba karani mkuu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, amwonyeshe kurasa za Jamhuri Tukufu. Karani akafungua. Ukurasa ulikuwa mweupe. Kisiwa kimoja chenye watu wachache kuliko tarafa ya Mwegero kilikuwa na kurasa sita.

"Nchi yenu imekuja mara kumi na moja," alisema karani, "na haijawahi kuomba kitu. Lakini inasalimia vizuri sana."

Akamtolea kumbukumbu za hotuba kumi na moja. Zote zilikuwa salamu. Zilianza na Mtukufu Rais, zikateremka kwa utulivu ngazi baada ya ngazi, na zote zilikatika katikati ya jina la naibu mkurugenzi fulani, mahali taa nyekundu ilipowaka.

Nyumbani hakuna aliyelijua hilo. Magazeti ya Jamhuri Tukufu yaliandika kila mwaka kwamba nchi imesikika. Na kweli ilisikika. Mataifa yenye mabomba marefu ya moshi yaliipenda kuliko nchi zote, maana wengine walikuja na vilio, na yenyewe ilikuja na heshima. Yaliitunuku cheti chenye fremu ya dhahabu, "Kwa Ushirikiano wa Mfano," na Waziri wa Hewa akakitundika ofisini juu ya picha ya mama yake.

*

Waziri huyo ni Mheshimiwa Daktari Mhandisi Bulugu Manyanga. Udaktari wake ulikuwa wa heshima, na uhandisi wa kujitolea. Yeye ndiye angesoma hotuba. Mazoezi yalifanyika hotelini, Bwana Kondogo akisoma badala yake ili sauti ya waziri isichakae. Sefania alisimama dirishani na saa yake.

"Dakika tatu na sekunde kumi na moja," alisema Sefania, Kondogo alipofika mwisho wa salamu.

Wote wakapiga makofi. Sefania alingoja yaishe.

"Samahani, mheshimiwa. Ombi la Mwegero liko mstari wa kwanza baada ya salamu. Kipaza sauti kitakuwa kimezimwa tayari."

Waziri alimtazama kama mtu anayetazama kiti kilichosema. "Unapendekeza tumruke nani?"

"Mimi kwanza. Nimo wa mwisho, nakula sekunde tisa."

"Haiwezekani," alisema Kondogo kwa upole. "Ukifutwa wewe, aliye juu yako anakuwa wa mwisho. Naibu Mkurugenzi Msaidizi wa Ukungu amesubiri miaka minne asiwe wa mwisho."

Bwana mmoja mnene kwenye kochi aliinamisha kichwa kukiri kwamba ni kweli.

"Basi semeni tu 'itifaki imezingatiwa', muendelee na habari."

Mtu mmoja aliweka kikombe chini polepole.

"Alikuwako katibu mkuu mmoja aliyesema hivyo," alisema Kondogo. "Kijana mzuri. Sasa anasimamia mnara wa kuongozea meli, Mkoa wa Kati."

"Mkoa wa Kati una bandari?"

"Hauna. Mnara upo."

Waziri, ambaye hakuwa mtu katili, aliona mzee amehuzunika, akaunda kamati ya kufupisha salamu. Kamati ilikuwa na mwenyekiti, makamu mwenyekiti, mlezi na wajumbe saba. Ilifanya kazi siku mbili bila kupumzika, isipokuwa kwa ajili ya chai, ikafanikiwa kupunguza sekunde nne. Katika taarifa yake ilipendekeza kwamba, kwa kutambua mchango wao, viongozi wa kamati watajwe.

Sefania alipima tena. Dakika tatu na sekunde arubaini.

Mchana ule simu ililia.

"Mvua imewahi," alisema Nesi Apolonia. "Choo kimeondoka jana saa nane. Mama Tabu alikuwa ametoka humo sasa hivi, ametushukuru sisi kama kwamba tulimpigia kengele."

"Zimebaki ngapi?"

"Hatua zangu nane. Zako saba, miguu yako mirefu. Huko mmefika wapi?"

Sefania aliangalia chumba. Kamati ilikuwa inapiga picha ya kumaliza kazi.

"Tunasalimia," alisema.

*

Tangu hapo hakukaa kabisa. Alitembea ushoroba wa hoteli kutoka lifti hadi dirisha la mwisho, hatua themanini na nne kwenda na themanini na nne kurudi. Wahudumu walimzoea, wakawa wanamkwepa na matoroli yao bila kumwangalia. Alikuwa na siku mbili. Kuzipunguza salamu hakuna aliyeweza. Kuziruka ilikuwa mnara. Kuiomba dunia dakika ya nne, karani mkuu alimwambia, mfalme mmoja aliwahi kuomba, akazimiwa wakati anaomba.

Sasa, mtu aliyezoea kupima hujua jambo moja, kwamba namba isiyobadilika ndiyo ya kushika. Na katika hotuba ya Jamhuri Tukufu namba isiyobadilika ilikuwa sekunde hamsini za mwanzo, zenye vyeo vya Mtukufu Rais. Hizo zilisikika miaka yote kumi na moja, neno kwa neno. Sefania alisimama katikati ya ushoroba. Toroli la shuka likamgonga kisigino.

Asubuhi alimfuata waziri kwenye kifungua kinywa.

"Mheshimiwa, nimezisikiliza salamu mara tisa. Mtukufu Rais ni Baba wa Barabara, Simba wa Umeme, Mwalimu wa Walimu na Mkulima Namba Moja."

"Umesahau Mwanamichezo wa Maisha."

"Naomba radhi. Na Mwanamichezo wa Maisha. Ila hana cheo cha mto."

Waziri aliweka kijiko chini. "Hata kimoja?"

"Hata cha kijito."

"Rais wa nchi jirani anacho," alisema waziri polepole, na uso wake ukapoteza rangi ya mayai aliyokuwa akila. "Anaitwa Bwana wa Maporomoko. Na mkutano huu ni wa mambo ya maji."

"Ndiyo, mheshimiwa. Watalinganisha."

"Sisi tuna mto gani?"

"Upo mmoja, unapita Mwegero. Angeweza kuitwa Mlinzi wa Mwegero. Ni maneno matatu, hayazidi sekunde mbili."

Waziri aliangalia kushoto na kulia. "Nani mwingine umemwambia?"

"Hakuna."

"Basi wazo hili ni langu."

"Ndivyo nilivyolisikia hata mimi, mheshimiwa."

Watu husema serikali ya Jamhuri Tukufu ni ya polepole. Ni uzushi. Waziri alipiga simu nyumbani saa mbili. Saa tatu Bunge liliitwa, likakaa, likasomewa Muswada wa Cheo cha Nyongeza, likashangilia na kutawanyika kabla chai haijapoa. Mbunge mmoja peke yake ndiye aliyeuliza Mwegero iko wapi, akajibiwa na Spika kwamba iko chini ya ulinzi. Alikuwa mbunge wa Mwegero.

*

Siku ya hotuba ukumbi ulijaa. Taa ya kijani iliwaka. Mheshimiwa Daktari Mhandisi Bulugu Manyanga alikohoa kikohozi cha kitaifa, akaanza.

"Kwa niaba ya Mtukufu Rais, Baba wa Barabara, Simba wa Umeme, Mwalimu wa Walimu, Mkulima Namba Moja, Mwanamichezo wa Maisha, na Mlinzi wa Mwegero."

Sefania hakutazama jukwaa. Alitazama mkono wa karani mkuu. Mkono ukasimama kidogo, ukateremka kwenye daftari, ukaandika. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili, ukurasa wa Jamhuri Tukufu haukuwa mweupe.

Salamu ziliendelea na safari yake. Taa nyekundu ilimkuta waziri kwenye jina la Naibu Mkurugenzi Msaidizi wa Ukungu, ambaye alisikika nusu, na nusu hiyo ilimtosha. Alipeana mikono na watu asiowajua. Mataifa ya mabomba ya moshi yalisimama na kupiga makofi.

Sefania alitoka nje, akazunguka jengo lote mara mbili katika baridi bila koti. Aliporudi karani mkuu alikuwa anamtafuta.

"Mwegero imeandikwa," alisema. "Sasa nchi yenu ilete barua kueleza pana nini hapo. Iwe na sahihi ya mkuu wa ujumbe na lakiri ya taifa, ule muhuri wa nta. Mwisho kesho saa kumi jioni. Isipofika, tunafuta jina."

"Barua tu?"

"Barua tu, baba. Ndilo jambo rahisi kuliko yote."

*

Waziri alipoambiwa aliita kikao.

"Mwegero inasumbuliwa na nini?" aliuliza.

"Na mto, mheshimiwa," alisema Sefania. "Umefika kwenye wodi ya wazazi."

"Haiwezi kuwa."

"Nimepima mwenyewe."

"Bwana Lukindo, Mlinzi wa Mwegero ni nani?"

Kikao kizima kilisimama kwa heshima, kwa sababu wote walijua.

"Sheria imepita jana," alisema waziri, na hakika hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayeeleza hesabu kwa mtoto mgumu. "Tukiandika kwamba Mwegero inaliwa na mto, tumeandika kwamba Mlinzi amelala. Unataka mimi nitie sahihi kwamba Mlinzi amelala?"

"Masika yakishika kasi, mheshimiwa, wodi itaanguka na watu ndani."

"Haianguki. Imelindwa kisheria." Akamgeukia Kondogo. "Barua iandikwe. Ijae salamu. Mwisho iseme Mwegero kuna amani, tunaishukuru dunia. Na hiki cheo chake kibadilishwe. Mtu wa Mwegero hawezi kuwa mwathirika, ni uchochezi."

Kondogo alifikiri kidogo. "Mheshimiwa Mnusurika wa Taifa?"

"Vizuri. Kina matumaini."

Naibu Mkurugenzi Msaidizi wa Ukungu alimpiga Sefania begani kumpongeza. Mzee hakumwona. Alikuwa anafikiri kwamba yeye ndiye aliyelitia jina la Mwegero katika ule mdomo, na kwamba tangu mto uanze kula ardhi hakuna mtu aliyeuharakisha kama yeye.

*

Kwa sheria ya Jamhuri Tukufu barua yenye vyeo vya Rais haipigwi chapa. Huandikwa kwa mkono, kwa wino, kama ishara ya utiifu. Mwandishi rasmi wa barua alikuwamo katika msafara, lakini siku ile ya mwisho msafara mzima ulikuwa madukani, na yeye alikuwa kwenye foleni ya kupima suti. Kondogo aliingia katika chumba cha ofisi na karatasi za serikali saa saba mchana, akamkuta Sefania anatembea kuizunguka meza.

"Nimeona daftari zako za mvua," alisema Kondogo. "Una mwandiko. Nitakusomea, uandike."

Akamsomea. Sefania aliandika amesimama, ameinamia meza. Salamu zilijaza ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, na zikaingia wa nne. Kondogo hakutazama popote. Vyeo vilitoka kichwani mwake kimoja baada ya kingine bila kugongana. Saa nane na nusu alinyamaza.

"Hapo zimeisha. Mwili wa barua umesikia alivyosema mheshimiwa. Kuna amani, asante. Mistari miwili. Malizia, mimi namfuata aje atie sahihi."

Mlango ukafungwa. Sefania aliangalia nafasi iliyobaki katika ukurasa wa nne. Ilikuwa kubwa kuliko dakika yoyote aliyowahi kupewa na nchi yake. Akachovya kalamu, akaandika kama alivyoandika daftarini kwa miaka ishirini na sita, bila kupunguza wala kuongeza.

Waziri alifika saa tisa kasoro robo, nyuma yake wabeba mifuko wawili. Alikaa, akavaa miwani, akaisoma barua kwa makini ya mtu aliyezaliwa Jamhuri Tukufu. Alipitisha kidole chini ya kila cheo cha Mtukufu Rais. Alifika kwenye vyeo vyake mwenyewe, akavihesabu kwa midomo, Mheshimiwa, Daktari, Mhandisi, Waziri, akarudia kuvihesabu.

"Hapa pamekosewa," alisema.

Sefania alishika ukingo wa meza.

"Mimi pia ni Mlezi wa Chama cha Mchezo wa Bao."

Kondogo alichukua kalamu, akaongeza pembeni kwa herufi ndogo nzuri, akaomba radhi. Waziri aliendelea, ukurasa wa pili, wa tatu. Alipofika wa nne alitazama jina la mtu wa mwisho katika salamu, akaona limekaa mahali pake, akatia sahihi chini ya karatasi pasipo macho yake kupita katikati. Sijui kama ni haki kumlaumu. Hakuna kiongozi wa Jamhuri Tukufu aliyewahi kusoma kinachokuja baada ya salamu, kwa kuwa katika maisha yake yote hakijawahi kuja kitu.

"Barua nzuri sana," alisema, akaenda kupigwa picha.

Walibaki wawili, na mshumaa wa lakiri ukiwaka mchana. Kondogo aliikunja barua. Kisha akaikunjua. Akasogeza kiti, akaanza kusoma ukurasa wa nne.

Sefania hakutembea. Aliangalia mlango, halafu dirisha, halafu mikono ya yule mtu.

Kondogo alisoma kwa sauti ndogo. "Wodi ya wazazi ya Mwegero ina vitanda vinne. Mwaka jana walizaliwa humo watoto mia mbili na kumi na wawili. Ukingo wa mto uko hatua saba kutoka ukuta, na mvua imeanza. Tunaomba mawe, na mtu anayejua kuyapanga."

Nta ilidondoka juu ya meza, hakuifuta.

"Hatua saba za mguu wa nani?" aliuliza.

"Wangu."

"Hawa watu hawaujui mguu wako. Andika mita."

Sefania alihesabu kichwani. "Mita tano na robo."

"Andika."

Akakata mstari kwa rula, akaandika mita tano na robo, akapuliza wino ukauke. Kondogo aliisoma tena sentensi ile, mara mbili, kama mtu anayeonja chakula cha nchi nyingine.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Nilikuwa najiuliza huwa kinafuata nini."

"Mheshimiwa akijua, Bwana Kondogo?"

"Mimi kazi yangu ni salamu. Zimekaa sawa, hakuna aliyerukwa." Aliikunja barua mara tatu, akaitia katika bahasha. "Yaliyobaki yana sahihi ya waziri. Mimi ni nani nimkosoe waziri."

Aliinamisha kijiti cha nta juu ya mwali. Nta nyekundu ilidondoka kwenye mkunjo wa bahasha, ikatanda. Akachukua muhuri wa Jamhuri Tukufu, akaukandamiza kwa mikono yote miwili, akauacha hapo muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Kutoka chumba kile hadi dirisha la makarani ni hatua mia mbili na sita. Walikwenda pamoja, na Kondogo, ambaye katika maisha yake hajawahi kuonekana akiharakisha, alikuwa mbele. Karani mkuu aligonga tarehe juu ya bahasha na kuandika saa: kumi kasoro dakika kumi na mbili. Akaitumbukiza katika tundu la sanduku la chuma lililokuwa ukutani. Waliisikia ikiteremka, ikigonga huku na huku, hadi ikafika chini.